Pretorius: Mwindaji aliyepeleleza maficho ya manowari ya Kijerumani Rufiji

MAJI yanayopita chini ya daraja la Mto Kilombero, karibu na mji wa Ifakara, hayaishii bondeni. Yakishapokea mito ya Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi kutoka nyanda za juu, huelekea mashariki hadi yanapokutana na Mto Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli. Kuanzia hapo mto hubadili jina na kuitwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji yake ni yale yaliyotoka Kilombero.

Unapoikaribia bahari, mto huo hugawanyika katika midomo mingi iliyofunikwa na mikoko, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mwaka 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia katika vichochoro hivyo vya maji na kujificha humo kwa zaidi ya miezi tisa. Jeshi la majini la Uingereza, ambalo wakati huo halikuwa na mshindani duniani, lilijua kuwa meli imo ndani lakini halikujua njia ya kuifikia.

Aliyelitafutia njia hiyo hakuwa baharia wala askari. Alikuwa mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, Philip Jacobus Pretorius, ambaye alikuwa ametembea kwa miguu katika nchi za Rufiji kwa miaka mingi kabla ya vita. Habari za maisha yake zinaeleza jinsi upelelezi wa zamani ulivyofanyika kabla ya vyombo vya kisasa, na pia zinaacha swali ambalo vitabu vingi havikulijibu: ni akina nani waliomwonyesha njia mpelelezi huyo?

Upelelezi kama kazi ya mtu binafsi

Kumwajiri mtu binafsi afanye kazi ya upelelezi ni jambo lililopata umaarufu katika karne ya 19. Mtu anayetajwa zaidi katika historia hiyo ni Allan Pinkerton, aliyezaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1819, akahamia Marekani mwaka 1842 na kuanza maisha kama fundi wa mapipa. Inaelezwa kuwa alipokuwa akitafuta miti ya kutengenezea mapipa katika kisiwa kidogo mtoni, alikuta dalili za kambi ya watu waliotengeneza fedha bandia. Alivizia mpaka wakakamatwa, na tangu hapo akaiacha seremala yake.

Karibu na mwaka 1850 alianzisha Chicago kampuni ya upelelezi iliyochukua jina lake. Mwaka 1856 alimwajiri Kate Warne, anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kufanya kazi hiyo kwa kuajiriwa. Mwaka 1861 watu wake walimsindikiza kwa siri Rais mteule Abraham Lincoln kupita Baltimore, kwa sababu walikuwa wamepata fununu za njama ya kumwua.

Hata hivyo, Pinkerton alipoingia katika ujasusi wa kijeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mafanikio yake yaliyumba. Mwaka 1862 taarifa zake kwa Jenerali George McClellan zilikuza mno idadi ya askari wa adui. Jenerali huyo, ambaye kwa tabia alikuwa mwenye tahadhari nyingi, akazidi kusita. Wanahistoria wengi huitumia habari hiyo kuonyesha kuwa taarifa ya jasusi ikiwa na kosa huweza kulidhuru jeshi kuliko kutokuwa na taarifa kabisa.

Pretorius alifanya kazi yake zaidi ya miaka 50 baadaye na katika nchi tofauti kabisa. Lakini mambo mawili yanamlinganisha na Pinkerton. Wote wawili walitafutwa kwa sababu ya ujuzi walioupata katika kazi zao binafsi, na wote wawili walitakiwa kuleta hesabu ambazo watu wangezitumia kuhatarisha maisha.

Kijana wa magari ya ng'ombe

Pretorius alizaliwa Transvaal mwaka 1877. Akiwa bado kijana mdogo aliondoka nyumbani na kuingia katika kazi ya misafara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, iliyokuwa ikielekea kaskazini katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Kutoka huko alivutwa na biashara iliyowatajirisha na kuwaua wazungu wengi wa zama zake, yaani uwindaji wa tembo kwa ajili ya pembe.

Alivuka Zambezi, akawinda katika nchi za Kongo na hatimaye akafika katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Kwa muda alikaa katika nchi ya Rufiji, akawa na shamba huko. Jua na homa za miaka mingi ziliibadili rangi ya ngozi yake kiasi kwamba, akivaa kanzu na kilemba, aliweza kupita kama Mwarabu mfanyabiashara. Jambo hilo lilikuja kumfaa baadaye.

Kwa maelezo yake mwenyewe, uhusiano wake na serikali ya Kijerumani uliharibika pale iliponyang'anya ardhi na mali yake. Anasimulia kuwa alilipiza kwa kuwinda tembo kwa siri katika ardhi ya Wajerumani na kuvusha pembe nje ya mipaka, mpaka akawa amejilipa kiasi alichodai kuwa alidhulumiwa. Kwa lugha ya serikali hiyo alikuwa jangili. Kwa lugha yake alikuwa mdai.

Kazi hiyo ya kukwepa askari ndiyo iliyomfundisha upelelezi. Jangili hulazimika kujua wapi kuna maji, kijiji gani kina askari, njia gani hupitika wakati wa masika, na nani anaweza kuaminiwa. Elimu hiyo haikuwa imeandikwa katika ramani yoyote. Ilikuwa vichwani mwa wenyeji, na mwindaji aliishi kwa kuulizauliza.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa kusini mwa koloni hilo. Anaeleza kuwa askari wa Kijerumani walimshambulia na kumjeruhi miguuni, akatoroka kwa shida hadi ng'ambo ya Ruvuma na kisha kurejea Afrika Kusini. Huko ndiko Waingereza walikomkuta.

Nchi iliyokuwa bado na makovu

Ni vyema kukumbuka hali ya nchi hiyo wakati huo. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatimiza miaka 10 tangu vilipozuka mwaka 1905. Bonde la Kilombero, ambalo Wajerumani waliliita Ulanga, lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, wakaangushwa na bunduki za rashasha, na baada ya hapo serikali ikateketeza vijiji na akiba za chakula.

Watu waliokufa katika vita hivyo na katika njaa iliyofuata hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kwa hiyo mwaka 1914, kutoka Mahenge hadi kwenye delta, kulikuwa na familia nyingi ambazo hazikuwa na sababu ya kuipenda serikali. Lakini pia zilikuwa zimejifunza kwa gharama kubwa kuwa serikali hiyo ilikuwa na mkono mrefu.

Katika hali hiyo, mgeni aliyekuja usiku akiuliza habari za meli aliwaweka watu mahali pagumu. Kumficha ni hatari, kumsaidia ni hatari, na kumshitaki huenda kukaleta mzigo mwingine. Ndiyo maana mafanikio ya jasusi yeyote katika eneo hilo hayawezi kuelezwa kwa ujasiri wake peke yake.

Meli iliyotoweka baharini

Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliwasili Dar es Salaam katikati ya mwaka 1914. Ilikuwa meli nyepesi ya vita yenye urefu wa takriban mita 115 na mizinga 10 mikubwa yenye kipenyo cha milimita 105. Vita vilipotangazwa ilikuwa tayari imetoka bandarini, na tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, katika pwani ya Omani.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga kwa matengenezo ya mitambo. Kwa muda mfupi ikaiharibu kabisa na kuua mabaharia 38. Kisha ikatoweka.

Ukweli ni kwamba Königsberg nayo ilikuwa na hitilafu katika mitambo yake na ilihitaji mahali pa kupumzika. Looff aliiingiza Rufiji kwa sababu Wajerumani walikuwa wameipima delta kabla ya vita na walijua kuwa vichochoro vyake vina kina kikubwa kuliko ramani za Waingereza zilivyoonyesha. Vyuma vizito vilivyohitaji kufuliwa upya vilikokotwa nchi kavu na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, kisha vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo.

Waingereza walipata dalili ya kwanza kutokana na karatasi. Mwezi Oktoba 1914 waliipekua meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa Lindi, wakakuta hati zilizoonyesha kuwa makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Rufiji. Meli ya biashara haina sababu ya kupeleka makaa mahali pasipo na bandari wala reli. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham ilifika mbele ya delta, na watu wake wakaiona milingoti ya Königsberg juu ya mikoko.

Kuiona na kuifikia yalikuwa mambo mawili tofauti. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo mdomoni. Mwezi Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mmoja wa midomo ya mto, lakini ilikuwepo midomo mingine. Königsberg ikasogea ndani zaidi, mahali ambapo makombora ya kutoka baharini hayakufika. Ndege za zama hizo, zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa, zilichakaa upesi kwa joto na unyevunyevu.

Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wamepanga walinzi kwenye fukwe, wakatandika nyaya za simu na kujenga vichanja vya kuangalizia juu ya miti. Delta ikawa kama nyumba yenye milango mingi ambayo mwenye nyumba peke yake ndiye anayejua upi umefungwa.

Mwindaji aitwa kazini

Admirali Herbert King-Hall, aliyekuwa mkuu wa kituo cha majini cha Cape, alisikia kuwa yupo mtu aliyeijua Rufiji kwa miguu yake. Mapema mwaka 1915 Pretorius alitafutwa, akakubali kazi na kupelekwa kwa meli hadi Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka mwezi Januari mwaka huo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuthibitisha mahali hasa ilipo meli. Kwa mujibu wa kitabu alichoandika, alivuka usiku kwa mtumbwi akiwa na kikundi kidogo cha wenyeji, na huko bara akawapata watu wawili waliokuwa wakifahamu maficho. Hao ndio waliomwongoza hadi kwenye kilima ambacho, kwa darubini, aliiona Königsberg ikiwa imefunikwa kwa matawi na kupakwa rangi ya kufanana na msitu.

Kazi ya pili ilikuwa kujua hali ya silaha zake. Waingereza waliogopa zaidi makombora ya chini ya maji ambayo meli hiyo ilikuwa nayo. Pretorius anasimulia kuwa alimpata mzee wa kijiji ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi ndani ya meli. Akavaa kama Mwarabu na kufuatana na mzee huyo aliyekwenda kumtembelea mwanawe akiwa na kuku wa kumpelekea. Katika mazungumzo ya kawaida ya baba na mwana, zilipatikana habari kuwa makombora hayo yalikuwa yameondolewa melini na kuwekwa kwingine ili kulinda midomo ya mto.

Kisa hicho kinajulikana kwa njia ya maelezo ya Pretorius mwenyewe, ambaye alikuwa msimuliaji hodari na aliandika miaka mingi baadaye. Hata hivyo, hata ukikipokea kama kilivyo, sifa kubwa ndani yake inamwendea baba mwenye kuku. Jasusi alikuwa na uhakika wa kupelekwa baharini na meli ya kivita mambo yakiharibika. Mzee huyo, mwanawe na kijiji chao wangebaki palepale.

Kupima maji usiku

Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, ingawa haina vishindo vya hadithi. Waingereza walikuwa na manowari mbili za aina ya pekee, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil ili zitumike katika mito. Zilikuwa na matumbo mapana na mizinga mikubwa, lakini zilizama majini kiasi cha mita mbili hivi tu. Swali likawa: ni mdomo upi kati ya midomo ya Rufiji ungeweza kuzipitisha, na kwa saa ngapi?

Katika pwani hiyo maji ya bahari hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne wakati wa bamvua, na kwa kiasi kidogo zaidi wakati wa maji mafu. Njia inayopitika saa sita mchana huweza kuwa tope saa kumi na mbili jioni. Aidha, maji ya mto kutoka Kilombero na Luwegu hubadilika kwa majira, yakaleta mchanga na kuhamisha mafungu kila mwaka. Nahodha anayeingia bila kujua hayo hukwama mbele ya mizinga ya adui.

Pretorius anaeleza kuwa kwa majuma kadhaa alipita vichochoroni usiku kwa mtumbwi, akipima kina kwa mti mrefu na kuandika saa za kujaa na kupwa. Mchana alijificha. Kazi hiyo ilihitaji watu wa kupiga kafi bila sauti, wa kusoma mkondo gizani na wa kujua kwenye mwelekeo gani kuna walinzi. Wavuvi na wakata mikoko wa delta walikuwa na ujuzi huo tangu utotoni.

Hapa ndipo tofauti na Pinkerton inapoonekana. Pinkerton alitegemea sana masimulizi ya watoro na wafungwa, kisha akaongeza makadirio juu ya makadirio. Pretorius alileta tarakimu zilizotokana na mti uliochovywa majini, na kila tarakimu ingeweza kuhakikishwa usiku uliofuata.

Julai 1915

Severn na Mersey ziliwasili katikati ya mwaka 1915 baada ya kuvutwa kutoka Malta. Tarehe 6 Julai ziliingia kwa mdomo wa kaskazini wa delta na kupigana na Königsberg kwa saa nyingi. Meli ya Kijerumani ilijibu kwa shabaha kali, Mersey ikapoteza mzinga mmoja na mabaharia kadhaa wakauawa. Manowari hizo mbili zilirusha makombora zaidi ya 600 bila kuimaliza, zikarudi nyuma.

Tarehe 11 Julai zilirejea. Safari hii ndege iliyokuwa ikizielekeza shabaha iliendelea kutuma ishara hata ilipokuwa imepigwa na kuanguka, na makombora yakaanza kutua ndani ya meli. Königsberg ikawaka moto. Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe ili isiangukie mikononi mwa adui. Zaidi ya mabaharia 30 wa Kijerumani walipoteza maisha.

Waingereza walishangilia, lakini vita havikwisha. Wajerumani waliizamia meli hiyo na kuitoa mizinga yote 10. Ikavutwa kwa kamba na mikono ya watu hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kupelekwa vitani nchi kavu, ikanguruma Kahe na Kondoa mwaka 1916. Hadi leo mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Vita vyapanda hadi Kilombero

Baada ya kazi ya Rufiji, Pretorius aliendelea kuwa mkuu wa wapelelezi wa Jenerali Jan Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki mwaka 1916. Alitangulia mbele ya jeshi, mara nyingi nyuma ya mistari ya Wajerumani, akitafuta njia, maji na mahali pa adui. Alitunukiwa nishani za Uingereza kwa utumishi huo.

Jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck liliposukumwa kusini, bonde la Kilombero na milima ya Mahenge vikawa ghala lake la chakula. Mpunga na mahindi ya wakulima yalichukuliwa kwa amri, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi. Mwaka 1917 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yalipita bondeni kutokea upande wa reli ya kati, na tarehe 9 Oktoba yakaiteka Mahenge. Mwishoni mwa Novemba kikosi cha Kapteni Theodor Tafel kilichotoka huko kilijisalimisha karibu na Ruvuma kwa kukosa chakula.

Kwa wakulima wa bonde, kubadilika kwa bendera hakukumaanisha mapumziko. Kila jeshi lilihitaji kula na kubebewa mizigo, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo upesi. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Uingereza na washirika wake yanakaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wale wa upande wa Ujerumani hawakuhesabiwa vizuri. Njaa ya miaka hiyo na homa ya mafua ya mwaka 1918 viliongeza msiba juu ya msiba.

Ramani za wapelelezi zilikuwa na sehemu katika hayo. Njia iliyogunduliwa na mpelelezi leo ndiyo iliyopitwa na jeshi kesho, na penye njia ya jeshi palikuwa na vijiji vya kutoa chakula na watu.

Miaka ya mwisho

Vita vilipokwisha Pretorius alirudi Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1919 aliajiriwa kuwaua tembo wa vichaka vya Addo, kusini mwa nchi hiyo, waliolalamikiwa na wakulima kwa kuharibu mashamba. Aliua zaidi ya 100 na kuacha wachache sana kabla ya watu kuanza kuwahurumia waliobaki. Mwaka 1931 eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa, ikianza na tembo 11 tu.

Pretorius alifariki dunia mwaka 1945. Kitabu cha maisha yake, Jungle Man, kilichapishwa mwaka 1947 kikiwa na utangulizi wa Smuts. Kisa cha meli ya Rufiji kiliwavutia pia watunzi wa riwaya na filamu, waliokiongezea mapenzi na vichekesho kadiri walivyopenda.

Katika maandishi hayo yote, manahodha wanatajwa kwa majina, meli zinatajwa kwa majina, hata meli kuukuu iliyozamishwa makusudi inatajwa. Waliompeleka mwindaji kilimani wanaitwa wenyeji wawili. Aliyebeba kuku anaitwa mzee wa kijiji. Waliopiga kafi usiku hawana hesabu. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika vitani, lakini waliotoa habari kwa siri hawakuingia katika orodha ya mshahara wala ya makaburi.

Si rahisi sasa kuyapata majina hayo. Lakini kazi yao inaeleza jambo ambalo Admirali King-Hall alilielewa alipoamua kumtafuta mwindaji badala ya kuomba manowari nyingine: mizinga hufika pale tu ambapo mtu ameonyesha njia. Mwindaji naye alionyeshwa na waliokuwa wakiishi mtoni.

Mabaki ya Königsberg yamezama katika tope la delta. Mto ulioificha bado unateremka kutoka Kilombero, na njiani sasa unazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Kwenye vichochoro vya Rufiji, wavuvi bado huhesabu bamvua na maji mafu kabla ya kusukuma mitumbwi yao, kama walivyofanya usiku ule wa mwaka 1915.